Ishirō Honda: askari aliyepita Hiroshima, kisha akamleta Godzilla

BUKAVU – Filamu za zamani za Japani zimeanza kurudi kwenye kumbi za sinema. Mwaka 2024, "Samurai Saba" ya Akira Kurosawa na "Godzilla" ya kwanza, zote mbili za mwaka 1954, zilisafishwa picha zake na kuonyeshwa tena kwa kutimiza miaka 70. Mwezi wa tatu wa mwaka huohuo, "Godzilla Minus One" ya Takashi Yamazaki ilipata tuzo ya Oscar ya ufundi wa picha. Katika miaka yote hiyo 70, hakuna filamu nyingine ya Godzilla iliyokuwa imepata tuzo hiyo.

Sisi wa Bukavu hatungojei ukumbi mkubwa. Filamu hizi zinatufikia kwa njia zetu: nyumba ya video kule Kadutu, flashi inayopita mkono kwa mkono, simu ya kijana anayengoja wateja Nyawera. Wanaomjua Godzilla ni wengi. Wanaojua jina la mtu aliyemleta duniani ni wachache sana. Tena Mkongomani ana sababu yake mwenyewe ya kulijua jina hilo, maana mwanzo wa habari hii unapita katika inchi yetu, chini ya ardhi ya Katanga.

Ishirō Honda alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tano 1911 katika kijiji cha Asahi, jimbo la Yamagata, kaskazini mwa Japani, pahali pa milima na theluji nyingi. Baba yake alikuwa kiongozi wa hekalu la Wabudha, na babu yake vilevile alikuwa mtawa. Ishirō alikuwa kitinda mimba, mtoto wa tano. Kaka yake mkubwa alisomea udaktari, akawa mganga wa jeshi, na kutoka mbali alikuwa akimtumia mdogo wake magazeti ya sayansi. Mtoto wa hekaluni akakua na sala upande mmoja, na upande mwingine picha za mashine na nyota.

Mwaka 1921 baba alihamishiwa hekalu lingine, huko Tokyo, na familia ikamfuata. Hapo ndipo Honda alipokutana na sinema. Wakati ule filamu zilikuwa hazina sauti. Kando ya kitambaa alisimama msimulizi, Wajapani humwita benshi, ambaye alieleza hadithi, akaigiza sauti ya baba, ya mama, ya mwizi na ya mbwa. Honda mdogo alikuwa akimtazama msimulizi kuliko picha. Mtu wa Bukavu atalielewa jambo hilo bila shida. Wengi wetu tumejifunza filamu za Kichina na za Kihindi kwa sauti ya msimulizi wa Kampala, wa Kigali ao wa Dar es Salaam, na mara nyingine yeye ndiye aliyetufurahisha kuliko filamu yenyewe.

Mwaka 1931 aliingia katika masomo ya sinema kwenye Chuo Kikuu cha Nihon. Masomo hayo yalikuwa mapya, hata walimu walikuwa bado wanatafuta njia. Kabla hajamaliza, mwaka 1933, alipata kazi katika kampuni ya PCL, ile ambayo baadaye iligeuka kuwa Toho. Alianza chini kabisa kama msaidizi. Wakati maseremala walipolemewa na kazi, yeye alichukua brashi na kuchora mistari ya mbao kwenye nguzo na kuta za mapambo, ili kwenye picha zionekane kama mti wa kweli. Wenzake walimpa jina la utani juu ya kazi hiyo.

Kisha jeshi likamwita. Alivaa nguo za askari mwanzoni mwa 1935, katika kikosi cha Tokyo. Mwezi wa pili 1936, maofisa vijana wa jeshi walifanya uasi katika mji mkuu na kuua viongozi kadhaa wa serikali. Mmoja wa vichwa vya uasi ule alikuwa ofisa katika kikosi cha Honda. Honda mwenyewe hakushiriki, lakini uasi ulipozimwa, kila aliyekuwa katika kikosi hicho alitazamwa kwa jicho baya. Walipelekwa Manchuria, mbali na mji mkuu. Wanaomjua husema kwamba bila uasi ule huenda Honda angemaliza muda wake wa jeshi na kurudi studio. Badala yake aliitwa mara tatu, na karibu miaka sita ya ujana wake ilimalizikia kwenye uwanja wa vita huko China.

Kati ya safari hizo alirudi kazini kama mtu anayeanza upya kila mara. Mwaka 1937 alikutana na kijana mwingine, naye msaidizi wa mwongozaji Kajirō Yamamoto. Kijana huyo alikuwa Akira Kurosawa. Wakawa marafiki, na urafiki wao ulidumu hadi kifo. Mmoja aliendelea mbio, mwingine akabaki nyuma: Kurosawa hakuchukuliwa jeshini kamwe, na mwaka 1943 alikuwa tayari ametoa filamu yake ya kwanza. Honda, aliyeingia studio mbele yake, alingoja hadi 1951. Wakati Honda anatoa filamu yake ya kwanza ya hadithi, Kurosawa alikuwa anapokea tuzo kubwa ya Venice kwa "Rashomon". Katika habari zote za maisha ya wawili hao hamna pahali ambapo Honda anaonyeshwa akinung'unika juu ya hilo.

Mwaka 1939 alimuoa Kimi Yamazaki, mfanyakazi mwenzake wa studio. Hawakufanya sherehe, waliandikisha ndoa na mambo yakaisha. Mwisho wa mwaka huo mtoto wao wa kwanza alizaliwa, na baba akaitwa tena vitani.

Kuna jambo moja la vita vile ambalo haifai kulipita. Huko China, mwaka 1940 na 1941, Honda alipewa kazi ya kusimamia nyumba ambamo jeshi la Japani liliweka wanawake kwa ajili ya askari wake. Wengi wa wanawake waliopita katika nyumba za namna hiyo walidanganywa ao walichukuliwa kwa nguvu. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa ni mateso gani. Honda hakuficha. Mwaka 1966, akiwa mtu mwenye jina, aliandika makala katika gazeti moja la sinema na kueleza kwamba alikuwa pale, alikuwa na cheo pale, na kwamba wanawake wale walikuwa wakimweleza uchungu wao. Makala haifuti kitu. Lakini katika Japani ya wakati ule, wengi waliokuwa na kumbukumbu kama hiyo walikwenda nayo kaburini.

Jambo lingine alilorudi nalo ni kombora. Siku moja, karibu na mji wa Hankou, kombora lilianguka karibu naye na halikulipuka. Wakati mapigano yalipotulia, alirudi, akalitafuta, akalichukua. Alilileta Japani na kuliweka juu ya meza yake ya kazi.

Vita ilipokwisha mwezi wa nane 1945, Honda alikuwa bado China, akashikwa kama mfungwa. Alirudi nyumbani mwezi wa tatu 1946. Akiwa njiani alipita Hiroshima. Bomu lilikuwa limeanguka tarehe 6 mwezi wa nane 1945, saa mbili na robo asubuhi. Hadi mwisho wa mwaka ule, wakadiriaji wanasema watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Honda alikuwa ameona miji iliyobomolewa na makombora, na sehemu nyingine yeye mwenyewe alikuwa upande wa wenye kubomoa. Lakini pale aliona mji uliofutwa na bomu moja tu.

Hapa ndipo Katanga inapoingia. Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba huko juu ya radiamu, dawa ya bei kali katika mahospitali ya Ulaya, na urani ilionekana kama mabaki tu. Hakukuwa mgodi mwingine duniani wenye urani nzito kama hiyo: mawe ya Shinkolobwe yaliweza kufika asilimia 65, wakati ya Marekani na Kanada hayakufika hata asilimia moja. Mwaka 1940, mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakawekwa kwenye bohari kisiwani Staten Island. Mwezi wa tisa 1942, ofisa wa jeshi la Marekani alifika ofisini kwake kuuliza kuhusu urani ya Kongo, na mawe yakauzwa. Kisha mgodi ukafunguliwa upya, na wafanyakazi Wakongomani wakachimba bila kuambiwa ni kwa kazi gani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya bomu la atomiki ilitoka katika mikono yao.

Honda hakujua hayo siku ile alipopita, na hakuna pahali katika filamu yake panapotajwa Kongo. Lakini jiwe ni lilelile.

Alirudi Toho, akiwa na umri wa miaka 34, akawa tena msaidizi. Mwaka 1949 alimsaidia Kurosawa katika "Mbwa wa Mitaani": alizunguka na mpiga picha katika masoko ya magendo ya Tokyo, kati ya walanguzi na watu wasio na kazi, wakikamata picha za maisha yale jinsi yalivyo. Kurosawa baadaye alikubali wazi kwamba kama filamu ile inaonyesha vizuri Japani ya baada ya vita, ni kwa sababu ya kazi ya Honda. Mwaka huohuo Honda alitengeneza filamu fupi ya habari juu ya wanawake wanaozamia lulu baharini, na mwaka 1951 ikafuata filamu yake ya kwanza ya hadithi, "Lulu ya Buluu", juu ya wanawake haohao. Mwaka 1953 alifanya "Tai wa Pasifiki", filamu ya vita, akiwa pamoja na Eiji Tsuburaya, fundi mkubwa wa kutengeneza mameli madogo, ndege ndogo na miji midogo ambayo kwenye picha inaonekana mikubwa.

Halafu ukaja mwaka 1954. Tarehe 1 mwezi wa tatu, Marekani ililipua kwenye visiwa vya Bikini bomu la haidrojeni lenye nguvu kama mara elfu ya lile la Hiroshima. Meli ya wavuvi wa Japani, yenye watu 23, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa, lakini majivu meupe yaliwanyeshea kama unga. Walirudi bandarini wakiwa wagonjwa. Samaki wao walikutwa na sumu, na watu wa Tokyo wakaogopa kula samaki. Mtu wa redio wa meli, Aikichi Kuboyama, alikufa tarehe 23 mwezi wa tisa.

Wakati huo mtayarishaji wa Toho, Tomoyuki Tanaka, alikuwa na shida yake. Filamu aliyoipanga kufanya na Indonesia ilikuwa imevunjika, na alihitaji haraka kitu cha kujaza nafasi. Akawaza mnyama anayeamshwa baharini na bomu. Jina la Kijapani, Gojira, liliunganishwa kutoka maneno mawili: gorila, mnyama ambaye sisi wa karibu na Kahuzi-Biega tunamjua vizuri, na nyangumi. Kazi ya kuongoza akapewa Honda.

Wengine waliona ni mchezo wa watoto. Honda aliwakusanya wafanyakazi wote na kuwaambia kwamba yeyote asiyeweza kuichukua hadithi hii kama jambo la kweli aondoke mapema. Yeye na Tsuburaya walizunguka Tokyo kutafuta mitaa ya kubomoa. Siku moja walisimama juu ya paa la duka kubwa la Ginza wakipanga kwa sauti ni jengo gani litawaka kwanza na lipi litafuata. Mlinzi alisikia, akawashika na kuwahoji.

Nguo ya kwanza ya Godzilla ilikuwa na uzito wa karibu kilo 100. Haruo Nakajima, mwigizaji aliyekuwa ndani yake, aliweza kutembea hatua chache tu kabla ya kuanguka, na ikalazimu kutengeneza nyingine iliyo nyepesi kidogo. Mngurumo ulitoka kwa mtunzi wa muziki Akira Ifukube: nyuzi za chombo kikubwa aina ya kontrabasi, zilizosuguliwa kwa glovu ya ngozi.

Filamu ilitoka inchi nzima tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1954, na tikiti zaidi ya milioni 9 ziliuzwa. Wanaoijua kwa vipande vya kwenye simu hudhani ni mapigano tu. Ukiitazama kutoka mwanzo utaona kitu kingine. Mwanzoni meli inateketea baharini kwa mwanga mkali, na kila Mjapani aliyeketi ukumbini alikumbuka wavuvi wale. Ndani ya treni, mwanamke anazungumza juu ya kuponea Nagasaki. Mji unapowaka, mama amewakumbatia watoto wake pembezoni mwa barabara na anawatuliza kwamba sasa hivi watakwenda kwa baba yao, aliyekwisha kufa. Kesho yake, hospitali imejaa majeruhi mpaka kwenye sakafu, na daktari anapitisha kipimo cha mionzi karibu na mtoto mdogo. Honda alipiga picha ile polepole, bila muziki wa kutisha. Yeyote aliyewahi kuingia hospitali ya mji wetu siku ya pili baada ya mapigano ataitambua.

Mwisho wake nao si wa furaha. Mwanasayansi Serizawa amevumbua silaha inayoweza kumuua Godzilla, lakini anaogopa kwamba wakubwa wakiijua wataitumia kwa watu. Anachoma karatasi zake zote, anashuka baharini, anaitumia mara moja, na anakata kamba yake mwenyewe ili siri ife pamoja naye. Mtu anaweza kujiuliza ni nini kingetokea kama mmoja kati ya wale waliokaa ofisini mwaka 1942 wakihesabu mapipa ya mawe ya Katanga angewaza hivyo.

Filamu ilipofika Marekani mwaka 1956, ilikatwakatwa. Waliingiza mwandishi wa habari Mmarekani, Raymond Burr, na sehemu nyingi zilizogusa bomu zikaondolewa ao zikapunguzwa makali. Hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Kumbi za Marekani zilingoja hadi 2004 kupata ile ya Honda mwenyewe, miaka kumi na moja baada ya kifo chake.

Baada ya hapo alifanya nyingine nyingi: "Rodan" 1956, "Mothra" 1961, "King Kong dhidi ya Godzilla" 1962, ambayo ilivuta watu kuliko ya kwanza, na "Matango" ya 1963, hadithi ya watu waliopotea kisiwani wakageuka kuwa uyoga. Kusema kweli, si zote ni nzuri. Kampuni ilitaka vichekesho na watoto walipenda mieleka, na Godzilla akageuka polepole kuwa rafiki wa watoto. Honda hakupenda, lakini alikuwa mtu wa mshahara. Tsuburaya alikufa mwezi wa kwanza 1970. Mwaka 1975 Honda aliongoza "Vitisho vya Mechagodzilla", na hakuongoza tena filamu nyingine.

Wengi wangesema maisha ya kazi yamekwisha. Lakini Kurosawa, ambaye naye alikuwa amepita miaka migumu, alimwita. Kuanzia "Kagemusha" ya 1980, iliyopata tuzo kubwa ya Cannes, mzee Honda alikuwa tena msaidizi, akiwa na karibu miaka 70, kando ya rafiki waliyeanza naye. Walikwenda hivyo kwa filamu tano. Katika "Ndoto" ya 1990, kuna ofisa anayetoka vitani peke yake. Nyuma yake, kutoka gizani mwa handaki, kikosi chake chote kinatokea, nyuso za buluu, hawajui kwamba wamekufa. Kurosawa hakuwahi kushika bunduki ya vita. Honda ndiye aliyewaonyesha waigizaji namna askari aliyechoka anavyotembea na anavyosimama mbele ya mkubwa wake. Mwaka 1991 ikafuata "Rapsodia ya Mwezi wa Nane", juu ya bibi wa Nagasaki aliyepoteza mume kwa bomu.

Shinkolobwe nayo iliendelea. Urani yake ilipelekwa Marekani hadi karibu na uhuru, kisha Wabelgiji wakaufunga mgodi. Wachimbaji wa mikono waliingia baadaye kutafuta kobalti, hadi serikali ilipokataza uchimbaji huko kwa amri ya mwaka 2004. Mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na watu wakafa.

Honda alikufa Tokyo tarehe 28 mwezi wa pili 1993, akiwa na miaka 81. Kurosawa alikuwepo kwenye mazishi. Filamu ya mwisho waliyofanya pamoja ilikuwa imekamilika lakini haijatoka. Ilionyeshwa wiki saba baadaye. Inaitwa "Madadayo", neno ambalo watoto wa Japani hujibu wakicheza kujificha: bado! Kurosawa hakufanya nyingine tena. Kwenye meza ya kazi ya Honda, lile kombora la Hankou lilikuwa pahali pake, kama alivyoliacha.